Kuoanisha ugumu wa shafti za draiva na fimbo za chuma

Mpigaji wa Lugalo: Wadau, naomba ushauri wenu. Ninajiundia seti ya fimbo za gofu hapa Dar es Salaam, na shafti (mipini ya fimbo) zote nilizonunua zina herufi R, yaani ugumu wa kawaida. Hata hivyo, kwenye mashine ya kupimia mitetemo, draiva (fimbo ndefu ya kupigia mbali) ya inchi 45 ilitoa mitetemo 250 kwa dakika, ilhali fimbo ya chuma namba 5, yenye inchi 38, ilitoa 300. Je, haziendani?

Fundi wa Upanga: Ndugu, herufi hiyo usiitegemee, kwa sababu hakuna kiwango kimoja kinachowabana watengenezaji wote, na R ya mmoja yaweza kuwa S (ngumu zaidi) ya mwingine. Wala usitarajie namba zilingane, kwani fimbo fupi hutetemeka haraka kuliko ndefu, ijapokuwa kichwa chake ni kizito zaidi. Mafundi wengi hufuata mstari ambao mitetemo huongezeka kwa takribani 8 au 9 kila urefu unapopungua kwa inchi 1. Kwa hesabu hiyo, draiva yako ingeendana na namba 5 yenye mitetemo kati ya 306 na 313. Namba 5 yako, yenye mitetemo michache zaidi, ni laini kidogo, lakini ipige kwanza uwanjani kabla hujaibadilisha.

Mdau wa Oysterbay: Nakubaliana na fundi, ila mashine hiyo hubana shafti upande wa mshikio, hivyo haielezi vya kutosha tabia ya ncha (upande wa kichwa), ambayo huathiri sana jinsi mpira unavyopaa. Mimi ningeanza na uzito: shafti ya grafaiti ya gramu 50 kando ya chuma cha gramu 120 huvuruga mwendo wa mikono hata mitetemo ikikaa kwenye mstari.

Mpigaji wa Lugalo: Nashukuruni sana. Nikihitaji kuongeza ugumu, nikate ncha?

Fundi wa Upanga: Pima kipenyo kwanza. Ncha iliyonyooka ya inchi 0.370 hukatwa kidogo kidogo, ukipima kila mara, maana kilichokatwa hakirudi. Ile iliyochongoka ya 0.355 usiikate, kwa kuwa itakuwa nene mno kuingia kwenye shingo ya kichwa. Badala yake, tia shafti ya namba 6 kwenye kichwa cha namba 5, kisha urekebishe urefu kwa kukata upande wa mshikio.