Brayo na jike wake wa kwanza

*Kikundi cha familia, Jumapili jioni*

Brayo: Habari ya jioni nyote. Mjomba, naomba ushauri wako. Nimeweka akiba tangu Januari, nataka kuanza kuzalisha mbwa wa German Shepherd na kuwapeleka maonyesho. Kuna mtu hapa Nakuru anauza dume na jike pamoja, wana miezi 7. Nimewaona leo mchana, wazuri sana. Nichukue?

Mjomba Kariuki: Njema mpwa wangu. Usitoe pesa kwanza. Mama yao ni mmoja?

Brayo: Ndiyo, ni wa uzao mmoja. Anasema ndio watazaa watoto wenye damu safi.

Mjomba Kariuki: Hapana. Kupandisha kaka na dada ni kuzidisha kasoro zilizojificha. Damu safi maana yake unawajua wazazi, mababu na mababu wa mababu zake, na unajua kila mmoja alikuwa na ubovu gani. Von Stephanitz, yule kapteni Mjerumani, alipoanzisha chama cha mbwa hawa mwaka 1899, mbwa waliandikwa kwenye daftari la ukoo. Wa kwanza kabisa ni Horand von Grafrath. Cheti unachopewa leo kinatoka kwenye kazi ile. Huyo muuzaji ana cheti?

Brayo: Anasema kitakuja baadaye.

Mjomba Kariuki: Na mimi niliambiwa hivyo hivyo na mtu mwaka niliponunua jike wangu wa kwanza. Hakikuja. Nilikaa na mbwa mzuri ambaye watoto wake sikuweza kuwasajili. Hakuna cheti mkononi, hakuna pesa.

Mama Brayo: Kaka, mimi kinachonihangaisha ni hesabu zake. Anasema akiuza watoto wanane atarudisha yote kwa mara moja.

Mjomba Kariuki: Dada, uzao wangu wa kwanza walikuwa 9. Wiki ya sita nikapokea mbwa wa jirani uani ili tumtibu kidonda. Siku chache baadaye, asubuhi, mmoja akatapika. Kufika jioni watatu wanaharisha damu. Nililala bandani siku nne, daktari akija na dripu asubuhi na jioni. Walibaki 3. Ulikuwa parvo, ugonjwa wa virusi vya tumbo. Harufu yake sijaisahau.

Shangazi Rehema: Nakumbuka. Ulinipigia saa tisa usiku, huwezi kuongea.

Tina: Brayo, hii iandike. Chanjo ya kwanza wiki ya 6 hadi 8, halafu kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wafike wiki 16. Dawa ya minyoo inaanza wiki ya 2. Na virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo miezi na miezi. Sabuni peke yake haiviui. Osha sakafu kwanza, kisha jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, iache ikae dakika kumi.

Brayo: Naandika. Sasa mjomba nianzie wapi?

Mjomba Kariuki: Nunua jike mmoja tu, bora kuliko wote unaoweza kumudu. Dume huna haja ya kumfuga. Utalipia kupandisha kwa dume anayejulikana, au mwenye dume atachagua mtoto mmoja.

Akipita mwaka mpige picha ya nyonga. Hii mbegu inasumbuliwa sana na nyonga, na akiwa na miezi 7 huwezi kuona kitu kwa macho. Joto la kwanza, yaani mara ya kwanza anapotaka dume, liache lipite. Ngoja afike miaka 2. Damu ikianza kutoka, hesabu siku, ila usitegemee vidole peke yake, mpeleke apimwe damu ujue yai limefika. Mimba ni kama siku 63.

Mama Brayo: Miaka miwili bila kuuza hata mmoja?

Mjomba Kariuki: Ndiyo dada. Miaka hiyo ndiyo ya maonyesho. East Africa Kennel Club wanasajili na kuandaa maonyesho, nenda kwanza bila mbwa. Simama kando ya kamba kutwa nzima. Angalia wanavyosimamishwa, mguu mmoja wa nyuma umevutwa nyuma, kichwa juu. Jaji anainua mdomo, anakagua meno, ya juu yanatakiwa kuyapita ya chini kidogo kama mkasi. Madume wanashikwa kuona kama korodani zote mbili zimeshuka. Jike anatakiwa awe na urefu wa sentimita 55 hadi 60 begani. Kisha mnakimbia, na hapo ndipo mbwa mbovu anajulikana.

Mara yangu ya kwanza jike wangu hakuwa amewahi kushikwa mdomo na mgeni. Jaji alipomgusa akaruka nyuma, mkia katikati ya miguu. Tukatolewa. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojihurumia, kosa lilikuwa langu. Toka siku ile, kila jioni dakika tano, nilikuwa naomba jirani tofauti amwangalie meno, halafu anampa kipande cha nyama. Baada ya miezi mitatu alikuwa akifungua mdomo mwenyewe.

Shangazi Rehema: Na chakula? Ugali na omena hautoshi?

Mjomba Kariuki: Kwa mlinzi wa boma labda. Jike mwenye mimba na watoto wanaokua wanahitaji chakula kilichopimwa. Hiyo ni pesa ya kila mwezi, Brayo, iweke kwenye hesabu. Na dawa ya kupe usiikose hata mwezi mmoja.

Brayo: Nimeelewa. Kesho nitamwambia huyo mtu hapana. Roho inaniuma, yule jike alinilalia mguuni.

Mjomba Kariuki: Najua. Njoo Ngong Jumamosi. Jike wangu Neema ana watoto wa wiki tatu, macho yamefunguka, wanaanza kutembea. Tunawapima mmoja mmoja kila asubuhi kwenye mizani ya jikoni. Utashika daftari.

Brayo: Nakuja, mjomba. Asante sana.

Tina: Brayo, vile viatu ulivyoingia navyo leo kwa huyo muuzaji, viache Nakuru.