Mjadala: Filamu ina ruhusa ya kubadilisha riwaya hadi wapi?

Wakuu, mada iliyoko mezani ni hii: filamu ikichukua jina la riwaya maarufu, inabanwa kufuata kilichoandikwa au haibanwi? Waliotangulia kuchangia wamegawanyika. Kuna wanaosema mwongozaji asiyetaka kufuata kitabu atunge hadithi yake na kuipa jina lake, asijibanze nyuma ya jina la mtu ili auze tiketi. Neno lao ni moja tu, kuchakachua. Wengine wanasema kitabu ni kitabu na filamu ni filamu, anayetaka kila ukurasa arudi akasome, asitusumbue.

Mimi sikai na upande wowote kati ya hizo mbili, na si kwamba naogopa kuchukua msimamo. Filamu ifute wahusika, iruke miaka, ihamishe miji, hata jina la shujaa ilibadilishe, sitanung'unika. Ninachokataa ni kuhamisha lawama. Ukimaliza riwaya nzuri unajua mwandishi amemnyooshea nani kidole kwa yote yaliyotokea, hata kama hakusema waziwazi. Ukitoka kwenye filamu ukakuta kidole kimeelekezwa kwa mwingine, umeangalia hadithi nyingine, hata kama nguo, nyumba na farasi vyote vimetoka kitabuni.

Mfano wangu mkubwa ni Frankenstein, kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Muulize mtu Frankenstein ni nani, atakwambia ni lile jitu lenye kichwa bapa na vyuma shingoni. Kitabuni hilo ni jina la kijana msomi aliyemuunda, na kiumbe mwenyewe hana jina. Kichwa bapa na vile vyuma ni kazi ya mpambaji wa studio ya Universal, Jack Pierce, kwa filamu ya James Whale ya mwaka 1931. Hayo hayanisumbui. Wala sisumbuki kwamba msomi huyo, Victor wa kitabuni, aliitwa Henry kwenye filamu, wala kwamba maabara ilijazwa mitambo na radi ambazo mwandishi, Mary Shelley, hakuziandika. Sinema inahitaji kitu cha kuonekana.

Linalonisumbua ni ubongo. Kwenye filamu ya 1931 mtumishi Fritz anatumwa kuiba ubongo chuoni. Anaudondosha mzuri, anabeba chupa yenye ubongo wa mhalifu. Tangu dakika hiyo, lolote atakalofanya yule kiumbe lina jibu tayari: ameumbwa na ubaya kichwani. Riwaya ya 1818 haina ubongo huo kabisa. Kiumbe anafungua macho hana kosa, na aliyemuumba anatimua mbio usiku uleule. Kiumbe anajificha kwenye kibanda kilichoshikana na nyumba ya familia ya De Lacey, anawachungulia kupitia ufa, anajifunza lugha kwa kusikiliza mgeni akifundishwa, mwisho anasoma Paradise Lost, utenzi wa John Milton, na kuuelewa kuliko wengi wetu tuliolazimishwa kusoma mashairi shuleni. Siku moja anajipa moyo, anamwendea mzee wa nyumba, ambaye ni kipofu. Mzee anampokea vizuri, maana hamwoni. Watoto wa mzee wanarudi, na mmoja wao, Felix, anamshushia fimbo kiumbe. Chuki ya kiumbe inaanzia hapo, kwenye mlango wa watu aliokuwa akiwapenda kwa siri na kuwakatia kuni usiku.

Sasa linganisha tukio moja tu, la msichana na maji. Kitabuni msichana anateleza na kuchukuliwa na mkondo wa mto. Kiumbe anajitosa, anamwokoa, anahangaika kumzindua, na mwanamume aliyekuwa naye anamlipa kwa risasi. Kwenye filamu, mtoto Maria anacheza naye kando ya ziwa, wanarusha maua yaelee. Maua yanapokwisha anamrusha mtoto, akidhani naye ataelea. Mtoto anazama. Bodi za ukaguzi ziliikata sehemu ile, na kwa miaka mingi watu wengi hawakuiona nzima. Najua atakuja mtu aseme kote kiumbe hakukusudia ubaya. Sawa. Lakini kitabuni wanadamu wanamdhulumu kwa wema wake, na kwenye filamu wanakijiji wana maiti ya mtoto mikononi na sababu halali ya kubeba mienge. Ni maji yaleyale na mtoto wa kike yuleyule, ila hukumu imegeuka chini juu.

Hapo upande wa "kitabu ni kitabu" hunijibu kwamba filamu ile ni nzuri. Ndiyo, ni nzuri, Boris Karloff, aliyemwigiza kiumbe, anaumiza moyo bila kusema neno. Uzuri si hoja niliyoileta.

Ikaja filamu nyingine ya Frankenstein, ya Guillermo del Toro, mwaka 2025, na wengi wakashangilia kwamba hatimaye kitabu kimeheshimiwa. Kiumbe anazungumza, sehemu kubwa ya filamu anaisimulia yeye, na mzee kipofu yumo. Mimi pia niliipenda. Lakini ipime kwa lawama. Kitabuni huyu kiumbe tunayemhurumia anamnyonga mtoto mdogo, William, ndugu yake Victor, kwa mikono yake, kisha anampachika mtumishi Justine ushahidi wa uongo, na Justine ananyongwa na serikali kwa kosa lisilo lake. Baadaye anamuua Elizabeth, mke wa Victor, usiku wa harusi. Kwenye filamu hii kisa cha Justine hakimo, na Elizabeth anakufa kwa risasi ya Victor mwenyewe. Mzigo karibu wote ameshushiwa muumba. Filamu ya 1931 iliulaumu ubongo, ya 2025 inamlaumu baba. Mary Shelley hakumwachia hata mmoja. Anakufanya umlilie kiumbe, halafu anakukumbusha yule mtoto, ukose pa kushika. Kwa hiyo nikiulizwa, filamu ya pili iko karibu zaidi na kitabu, ila nayo imemfutia kesi mtu ambaye kitabu hakikumfutia.

Nikigeukia upande wa wakali, wale wa "fuata neno kwa neno", nao nina swali kwao. Mwenye kitabu mwenyewe alisemaje? Mwaka 1823 Frankenstein ilipandishwa jukwaani London. Kiumbe wa jukwaani alikuwa bubu, na mtumishi Fritz alitungwa hapo. Kwa hiyo hayo yote mawili tunayoilaumu Hollywood yalikuwepo zaidi ya miaka 100 kabla yake. Mary Shelley alikwenda kuutazama mchezo huo. Alimwandikia rafiki yake kwamba kisa hakikupangwa vizuri, lakini alimsifu mwigizaji wa kiumbe, T. P. Cooke, na alifurahi kuona kwenye karatasi ya wahusika mahali pa jina la kiumbe pamewekwa mstari mtupu. Hakukimbilia mahakamani. Mwaka 1831 akakirekebisha kitabu chake mwenyewe: Elizabeth aliyekuwa binamu wa Victor akawa mtoto wa kulelewa. Mnaotaka uaminifu, mnataka kwa toleo lipi? Charles Dickens naye aliandika mwisho mmoja wa Great Expectations, akashauriwa na mwandishi mwenzake, akauandika upya kabla haujachapishwa mwaka 1861. David Lean alipoleta mwisho wa tatu kwenye filamu yake ya 1946 alikuwa anaendeleza tabia ya familia.

Kuna aliyetaja The Shining, riwaya ya Stephen King, kama jiwe la kunipiga nalo. King hajawahi kuficha kwamba hakuipenda filamu ya Stanley Kubrick ya 1980. Kitabuni baba ni mtu anayepigana na pombe na hoteli yenye mapepo anayoilinda, na mwishoni anajinasua kwa sekunde chache na kumwambia mwanawe akimbie. Kwenye filamu Jack Nicholson, anayemwigiza baba huyo, anaonekana ana kichaa tangu anaposailiwa kazi. Lawama imetoka kwenye pombe na hoteli, imekaa kwenye damu yake. King akaandika mwenyewe toleo la televisheni la 1997 lililofuata kitabu, na watazamaji wengi leo wanaikumbuka ya Kubrick. Nakubali. Filamu iliyoasi inaweza kuizidi ile tiifu. Inabaki kwamba anayetaka kumjua yule baba wa kitabuni hatampata kwa Kubrick, na ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajatoa pesa yake.

Sasa turudi nyumbani, maana Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ndiyo iliyowatoa watu wengi jasho humu. Waliosoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kidato cha tano na sita wanaikumbuka vizuri. Filamu ya Amil Shivji ilitoka 2021, ikaonyeshwa Toronto, na Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo za Oscar. Malalamiko niliyoyasoma ni kwamba imebana sana, kwamba riwaya nene imewekwa kwenye saa moja na nusu. Hilo silijali. Zanzibar ya miaka ya 1950 imo, mkoloni yumo, ndoa ya kulazimishwa imo, na waliolaumiwa na Shafi ndio waliolaumiwa na Shivji. Tena kuna mahali filamu inakishinda kitabu. Mwajuma ni mwimbaji, na kitabuni unaambiwa tu kwamba anaimba. Kwenye filamu ameigizwa na Siti Amina, mwanamuziki wa taarab kwelikweli. Akifungua mdomo, hakuna maelezo ya mwandishi yanayoweza kushindana naye, na unaelewa palepale kwa nini Yasmin, msichana wa Kihindi aliyefungiwa ndani, angevutwa kuvuka kwenda Ng'ambo, mtaa wa Waswahili wa kawaida.

Ila nina dukuduku moja. Kitabuni Yasmin ni kigori wa miaka 15 aliyeozwa Bwana Raza wa miaka 52. Tunaanza naye ndani ya ndoa hiyo, tunaona anavyochoka nayo, na anaitoroka kwa miguu yake kabla Denge, mpigania uhuru atakayekuwa mpenzi wake, hajaingia maishani mwake. Filamu inawakutanisha usiku ambao Yasmin anapelekwa kuolewa. Kwa mtazamaji ni haraka na inapendeza. Lakini kuondoka kwake sasa kuna mwanamume karibu, na yule binti aliyeamua peke yake, bila mpenzi wala mwanasiasa wa kumshika mkono, amepungua. Lawama imebaki ilipokuwa, sifa ndiyo iliyogawanywa. Kwa hiyo pengine kipimo changu niongeze: filamu isihamishe lawama wala sifa. Dada zangu mliochangia mtanisahihisha, lakini hamkunigusia hili hata mmoja, na mimi naliona kubwa kuliko kurasa zilizokatwa.

Mwalimu aliyeandika kutoka Kenya ana shida tofauti, na haifai kuichanganya na hii. Kule vikundi vya maigizo huzunguka shuleni kuigiza vitabu teule vya fasihi, na mtahiniwa akiona jukwaani tukio ambalo halimo kitabuni, ataliandika kwenye karatasi ya mtihani na kukosa alama. Mwalimu, hapo niko na wewe mia kwa mia. Ile ni huduma ya masomo, imelipiwa kwa ajili ya kitabu, na ifuate kitabu.

Nimalizie na kazi ambayo bado haijatufikia. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba Idris Elba ataigiza kwenye mfululizo wa televisheni wa Things Fall Apart ya Chinua Achebe, ile tuliyoisoma kwa Kiswahili kama Hamkani si Shwari Tena. Si mara ya kwanza. Mwongozaji Mjerumani, Hansjürgen Pohland, aliichanganya na No Longer at Ease, riwaya nyingine ya Achebe, kwenye filamu moja ya 1971, na humo aliigiza Elizabeth wa Toro kutoka Uganda. Televisheni ya taifa ya Nigeria nayo ilitoa mfululizo mwaka 1987, Pete Edochie akiwa Okonkwo, mhusika mkuu. Riwaya hii ni mtego kwa yeyote anayependa kurahisisha lawama. Okonkwo anampiga mkewe katika Wiki ya Amani, ambayo ugomvi ni mwiko. Anamkata panga Ikemefuna, kijana aliyemwita baba, kwa kuogopa tu kuonekana dhaifu. Halafu anakuja mzungu anayevunja kila kitu. Ukimfanya Okonkwo shujaa safi wa ukombozi umemfuta Ikemefuna, na ukimfanya katili mtupu umemsafisha mkoloni.

Na kuna ile aya ya mwisho. Okonkwo amejinyonga, rafiki yake Obierika amemwambia Mkuu wa Wilaya, ambaye ni mzungu, usoni kwamba wazungu ndio waliomfikisha pale. Halafu Achebe anatuondoa kijijini na kutuingiza kichwani mwa Mkuu wa Wilaya, anayetembea akipiga hesabu kwamba maisha yote yale yatamtosha aya moja katika kitabu anachokusudia kuandika. Ni mistari michache mno na ina sumu kuliko vita yoyote. Filamu haina njia rahisi ya kuingia kichwa cha mtu. Wenye uzoefu wa kuandika skripti humu, naomba jibu lenu hasa: kamera ibaki chini ya mti na Obierika, au imfuate yule mzungu barabarani? Na ikimfuata, mtazamaji atajuaje kwamba anayetembea pale ndiye anayeshtakiwa?