Ranchi kubwa ya ng'ombe na uwindaji: Texas, Namibia au nyumbani?

Mtoto wa Mfugaji (Houston)
Wakuu, heshima kwenu. Tuko ndugu watatu, wawili Houston na kaka yetu mkubwa Dodoma. Marehemu baba alitusomesha kwa ng'ombe, na tumeweka akiba miaka mingi ili turudi kwenye ng'ombe. Tunatafuta ardhi moja kubwa ya ng'ombe wa nyama ambayo msimu ukifika tupokee na wawindaji wa kulipa. Nimeona matangazo ya mashamba ya Namibia ya hekta 5,000 na kuendelea, na ranchi za Texas magharibi. Kaka anasisitiza turudi nyumbani. Wenye uzoefu, ni wapi ng'ombe na uwindaji vinalipa pamoja?

Mzee wa Josho
Mwanangu, kabla ya kuuliza bei ya ekari, uliza mnyama wa porini ni mali ya nani. Hapo ndipo hesabu yako yote ilipo.

Kwetu Tanzania ardhi ni ya umma, Rais ni mdhamini, na wewe unapewa hati ya miaka 33, 66 au 99. Wanyamapori nao ni wa umma. Uwindaji wa kitalii unafanyika kwenye vitalu vinavyosimamiwa na TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori, na kitalu hakifuatani na hati ya shamba. Unaweza kuwa na ekari elfu kumi zimejaa swala pala na usiruhusiwe kumuuzia mgeni hata mmoja. Kufuga wanyamapori kunawezekana, ila kuna leseni yake na masharti yake, mbali kabisa na ng'ombe.

Halafu kuna mbung'o, nzi anayewaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Pori zuri la wanyama mara nyingi ndilo pori lake. Ranchi ya Mkwaja, pwani kati ya Pangani na Bagamoyo, ilianza miaka ya 1950 na kuendeshwa karibu nusu karne kwa dawa za nagana, kufyeka vichaka na majosho yasiyokoma. Mwaka 2000 ikafungwa, na leo eneo lile liko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Nimekuwa mganga wa mifugo miaka 31, na bado nikiona tangazo linalosifia "nyasi nyingi, wanyama wengi, hakuna watu", swali langu la kwanza ni kwa nini wafugaji wa jirani hawakuwahi kuhamia hapo.

Je, nyie wawili mlishachukua uraia wa huko?

Mtoto wa Mfugaji
Ndiyo mzee, sote wawili.

Mzee wa Josho
Basi mkifungua kampuni kwa hisa sawa, wageni mtakuwa wengi kuliko mwananchi, na sheria ya ardhi itaihesabu kampuni hiyo kuwa ya kigeni. Mtapitia njia ya uwekezaji na hati isiyo asili, yaani haki ya kutumia ardhi inayotokana na hati ya mamlaka ya uwekezaji. Kaka akiomba peke yake kwa jina lake ni habari nyingine, lakini hapo itabidi muaminiane sana, na muandikishane mbele ya wakili mkiwa bado mnapendana.

Binti Taveta
Kenya uiondoe kwenye orodha kama uwindaji ni lazima. Ulipigwa marufuku mwaka 1977 na haujarudi. Asiye raia naye hapati zaidi ya miaka 99 ya kukodi. Huku kwetu Taita Taveta tuna ranchi zinazopakana na Tsavo, na ndovu wakishavunja tangi la maji, ng'ombe ndio wanaolala na kiu. Ukitaka ng'ombe na wanyama bila bunduki, nenda Ol Pejeta kule Laikipia ujifunze. Wanafuga ng'ombe wa Boran katikati ya simba, usiku ng'ombe hulala kwenye maboma ya kuhamishika, na samadi inayobaki inaotesha nyasi tamu ambazo swala hufuata. Inapendeza sana, ila mapato ya upande wa wanyama yanatoka kwa watalii wa kamera.

Mbongo wa Otjiwarongo
Nipo Namibia mwaka wa tisa, nasimamia shamba la ng'ombe lenye wageni wa uwindaji. Jibu la swali la mzee liko huku. Kwa sheria ya mwaka 1975, mwenye shamba lenye uzio unaokidhi masharti ana umiliki wa wanyama kama tandala, choroa na ngiri walio ndani yake. Ndiyo maana mkulima anawapa maji na chumvi kama ng'ombe wake. Msimu wa uwindaji wa nyara ni 1 Februari hadi 30 Novemba, na mgeni lazima awe na kibali na mwongozaji aliyesajiliwa.

Sasa magumu yake. Shamba la kibiashara likiuzwa, serikali ndiyo yenye haki ya kwanza ya kununua, na mgeni anahitaji ridhaa ya waziri. Usilipe chochote kabla ya karatasi hizo. Pili, hekta 5,000 zisikudanganye. Huku ng'ombe mmoja anataka hekta 10 hadi 15, na kwenye ukavu zaidi ya hapo. Kichaka cha miiba nacho kimekula malisho, wengi wanakikata na kuchoma mkaa. Tatu, angalia shamba liko upande gani wa uzio wa kuzuia magonjwa ya mifugo unaokata nchi. Nyama inayouzwa Ulaya inatoka kusini mwake.

Nyasi Kavu
Na ukame? 2019 ilikuwaje?

Mbongo wa Otjiwarongo
Tuliuza majike wenye mimba. Sitaki kuikumbuka. Waliopona ni waliopunguza mapema, mvua za Januari ziliposhindwa, sio waliongoja Mei bei imeshaanguka.

Mkamba wa San Angelo
Texas nayo ina mambo yake, ndugu. Kulungu wa mkia mweupe ni mali ya umma wa jimbo, lakini mwenye ardhi ndiye anayefungua geti, kwa hiyo wawindaji wanakodi ruhusa kwa ekari, kwa msimu mzima. Hela hiyo inaingia hata ng'ombe wakiwa hawana bei. Kodi ya ardhi hukadiriwa kwa thamani ya kilimo, sio ya soko, ilimradi uifanyie kazi. Ukibadilisha matumizi wanakudai tofauti ya miaka 3 nyuma. Na usome hati mpaka mwisho. Mafuta na gesi ya chini yanaweza kuwa ya mtu mwingine, ambaye ana haki ya kuingia na kuchimba katikati ya malisho yako.

Mtoto wa Mfugaji
Asanteni sana. Nimemsomea kaka yote, kanyamaza muda mrefu kwenye simu. Tumekubaliana Texas tukodi malisho kwanza tujifunze kazi, na mimi niende Namibia kuona mashamba mawili. Nilipanga Machi.

Mzee wa Josho
Machi kila shamba ni zuri, nyasi zinafika magotini. Nenda Oktoba. Uhesabu visima vinavyotoa maji, upime mbavu za ng'ombe kwa mkono, na umwombe mchungaji, sio dalali, akuonyeshe mahali wanyama wanapokunywa.

Mbongo wa Otjiwarongo
Oktoba nitakuwepo. Niandikie faraghani, nitakupeleka kwa gari langu.