Betri ya Bamdogo (kikundi: Nyumbani kwa Bibi, Mbezi)

Bamdogo: Wanafamilia habari za asubuhi. Zile betri zangu mbili za jeli zimekufa rasmi. Jana umeme umekata saa 1 usiku, hata taarifa ya habari haijaisha inveta imeshaanza kulia tii tii tii. Sasa niko Kariakoo kuna kijana hapa ana lithiamu nusu ya bei ya dukani, nibebe?

Mama Junior: Shikamoo Bamdogo. Nusu bei 😳 mie hapo ndo naogopa

Fundi: Shikamoo mzee wangu. Hela usitoe kwanza. Lithiamu ipi?

Bamdogo: Marahaba. Si lithiamu tu mkwe wangu, kijana anasema ndo zilezile za magari ya umeme

Fundi: Hilo ndo tatizo sasa. Hizi za majumbani utakutana na LFP, ya chuma na fosfeti, au NMC, ya nikeli manganizi na kobalti. Piga picha stika ya ubavuni

Bamdogo: 📷

Fundi: Imeandikwa 48.1V, umeona? Seli ya NMC ni volti 3.7, mara 13 ndo hiyo 48.1. LFP seli ni 3.2, zinapangwa 16, stika inasoma 51.2. Kwahiyo hiyo ni NMC, tena hizo gundi pembeni zimebanduliwa zikabandikwa upya, hiyo imechomolewa kwenye kitu kingine

Bamdogo: Si ina nguvu lakini? Afu nyepesi, nimeinyanyua mkono mmoja

Fundi: Wepesi ni wa pikipiki na simu mzee, wewe unaiweka chini unaiacha hapo miaka 10, uzito wa nini. NMC mizunguko ya kuchaji na kutumia elfu moja elfu mbili imechoka, LFP nzuri inavuka elfu tatu na kuendelea. Ila kinachoniogopesha ni chaji, mtu akikusetia inveta kwa LFP inasukuma mpaka volti 56 point kitu, gawa kwa seli 13 inazidi 4.3 kila moja na mwisho wake ni 4.2. Hapo unaitegemea BMS peke yake, ile saketi ya ndani inayolinda betri, na BMS ya hiyo hujui imetoka wapi

Dada Mkubwa: Na anavyoiwekaga chini ya ngazi, mlangoni kwa Bibi!!

Fundi: LFP nayo inaungua dada msidanganywe, ila inachelewa, inavumilia mpaka nyuzi 270 hivi, NMC kwenye 210 imeshachachamaa na inatoa oksijeni yake yenyewe, moto unajilisha. Yoyote ile chini ya ngazi HAPANA, wala stoo ya bati. Barazani nyuma kwenye kivuli

Bamdogo: Kijana kasikia voisi yako kapunguza bei tena 😂

Mama Junior: 😂😂😂 kimbia Bamdogo

Fundi: Ingia dukani uliza 51.2V 100Ah, ni uniti 5 na chenji. Wakuandikie waranti na namba ya betri kwenye risiti, sio mdomoni. Jeli zako mbili za volti 12 200Ah kwa karatasi zilikuwa karibu sawa ila ulitakiwa utumie nusu tu, wewe ulikuwa unazikausha kila siku ndo maana zimekufa mapema

Bamdogo: Hilo nilikuwa silijui, walioniuzia hawakuniambia

Shangazi: Asalaam aleykum. Nimesoma yote sijaelewa hata moja, nataka kujua tu, jagi la umeme litachemsha?

Fundi: Waaleykum salaam Shangazi, shikamoo. Friji, taa, TV na waifai usiku kucha bila shida. Jagi ni wati 2000, utaisikia inveta inavyolalamika

Shangazi: Marahaba. Basi chai yangu kwenye gesi

Bamdogo: Nimetoka kwa kijana, kanuna. Nipo duka la tatu, stika inasoma 51.2, bei sasa... mkwe nipigie

Shangazi: Ukimaliza hapo hapo Kariakoo nipitie dagaa wa Mwanza kilo mbili