Airbnb Shela na Mkomani, Lamu: kaunti iweke kikomo?

Mkaa_Mkomani: Waungwana, mada ni hii. Mwenye nyumba akipata wageni wa Airbnb, wale wapangao mtandaoni kwa siku chache, wikendi mbili tatu, keshapita kodi ya mwezi ya mwalimu. Kwa nini ampe mwalimu? Mamlaka ya Kudhibiti Utalii yataka nyumba hizi zisajiliwe, lakini kusajili si kuzuia. Barcelona wametangaza kufuta leseni zote za namna hii ifikapo 2028. Sisi tuweke japo idadi kwa kila mtaa. Mwaonaje?

Upepo_wa_Kusi: Barcelona wana Messi, sisi tuna punda. Hizo nyumba zilikuwa magofu, popo wamejaa. Mzungu kazifufua. Mliuza wenyewe mkanunua injini za boti, leo mwalia.

Mkaa_Mkomani: Messi aliondoka zamani, bwana.

Binti_wa_Ndani: "Mliuza" nani? Nyumba ya mawe Lamu hupewa binti, aolewe akae humo. Dalali hakuja kwa binti, alikaa barazani na kaka zake. Mamangu mdogo aliletewa karatasi atie kidole gumba huku sinia ya mchele iko mapajani, achagua mawe. Akaambiwa ni ya stima.

Upepo_wa_Kusi: Dada, sikukutaja. Ukweli umekuchoma.

Binti_wa_Ndani: Dada yako yuko kwenu.

Fundi_Chokaa: 😂😂 Mimi zanilisha hizo. Boriti za mkoko kubadilisha, zidaka za ukutani kutengeneza, plasta ya chokaa, hiyo si kazi ya wiki moja. Mwalimu atanilipa? Na mzungu hamiliki milele, katiba yampa miaka 99 basi.

Babu_Gatini: Wanangu, 99 mimi nishaoza na mjukuu wangu pia. Mwasema nyumba, maji je? Tunayokunywa mjini yatoka chini ya ile milima ya mchanga ya Shela. Mgeni ana bwawa la kuogelea, ukuta wa pili bibi angoja punda alete madumu.

Fundi_Chokaa: Babu, bwawa lenyewe nimelijenga mimi 🙈

Mkaa_Mkomani: Turudi kwenye kikomo jamani. UNESCO walituandika urithi wa dunia, tisini na ngapi sijui, kwa sababu mji una watu…

Upepo_wa_Kusi: 2001. Hata hiyo hujui, wataka kutunga sheria.

Mkaa_Mkomani: Haya, 2001. Hoja iko palepale.

Binti_wa_Ndani: Kikomo chako chamfaa nani, Mkaa? Wenye leseni leo wabaki nazo, mimi nikirejeshewa nyumba ya mama niambiwe mtaa umejaa? Kwanza kaunti iseme: nyumba ya urithi isiuzwe mpaka wanawake wote wa nyumba hiyo wasimame mbele ya kadhi.

Upepo_wa_Kusi: Na wakikubali kuuza?

Binti_wa_Ndani: Waulizwe kwanza. Na wewe mtetezi wa madalali, babako alikuwa akifanya kazi gani vile?

Upepo_wa_Kusi: Usimtie babangu hapa.

Babu_Gatini: Na maji?