Blanketi la viraka limeharibika baada ya kufuliwa, na kibeti cha mgebuka kinavunja sindano: naomba ushauri

Mshonaji wa Mwanga (Kigoma)

Habari za jioni, ndugu zangu mafundi na wote mnaopenda kushona. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini, na kwa muda wa miezi kama mitano nimekuwa nikishona nyumbani kwa cherehani ya kukanyaga niliyoachiwa na mama mkubwa. Sishoni nguo mpya. Nachukua zile zilizokwisha kuvaliwa, yaani magauni ya watoto yaliyowabana, mashati ya baba yao yaliyochakaa kola, na jinzi za mitumba ambazo wauzaji huziachia kwa bei ya kutupa jioni kwa sababu zimetoboka magotini, kisha nazigeuza kuwa vibeti, vibana nywele, kofia za masikio ya sungura na vitu vingine vya kufurahisha watoto.

Kilichonipatia wateja wa kwanza ni kibeti cha kalamu chenye umbo la mgebuka, yule samaki wetu wa Ziwa Tanganyika. Mwili naukata kwenye sehemu ya mbele ya suruali ya jinzi, kuzunguka zipu, ili zipu ile ile iwe tumbo la samaki, na mtoto anapotaka kalamu ampasue kama tunavyompasua mgebuka kabla ya kumkausha. Mkia ni kola ya shati, kwa kuwa kola tayari ina ncha zake mbili na haihitaji kukatwa tena. Magamba ni vipande vya nusu duara vya mashati, vimepangwa kama vigae, na macho ni vifungo viwili visivyolingana, jambo linalomfanya samaki aonekane kama ameshangaa.

Shida yangu ya kwanza ni kwamba sindano huvunjika ninapopita kwenye makutano ya mishono ya jinzi, na mahali pengine cherehani inaruka mishono.

Shida ya pili ndiyo iliyonitoa machozi. Nilishona blanketi la viraka la mtoto wangu wa mwisho kwa vipande 63 vya mraba, kila kimoja nikikikata inchi 7 na kuacha nusu inchi ya mshono kila upande, saba kwa upana na tisa kwa urefu, likatoka inchi 42 kwa 54. Nilichanganya kila nilichokuwa nacho: mashati, fulana, kanga nyekundu ambayo ilikuwa haijavaliwa hata mara moja, na gauni la kuteleza la sherehe. Ndani nikajaza sufi ya mto wa zamani. Kabla ya kufuliwa lilikuwa zuri kiasi kwamba majirani walikuja kuliangalia. Baada ya kufuliwa, vipande vyeupe vimekuwa vya waridi, kingo zina mawimbi, fulana zimevutika na kulegea, na sufi yote imehamia kona moja ambako ilikaa siku tatu bila kukauka.

Pia kuna jirani yangu aliyeniambia kwamba kukata kanga yenye maneno ni kukosa adabu. Je, ni kweli?

Fundi wa Isevya (Tabora)

Pole sana, dada. Mimi ni fundi wa nguo hapa Tabora, na kila mwaka baridi ya mwezi wa sita na wa saba inaponiletea watu wanaotaka mablanketi mepesi, hukutana na makosa haya haya, mengine yakiwa yangu mwenyewe.

Ulipanga vipande kwa kuangalia rangi, wakati ulipaswa kwanza kuvipanga kwa tabia ya kitambaa. Shati la pamba limefumwa kwa nyuzi zinazopishana, ndiyo maana likivutwa halivutiki sana; fulana imefumwa kwa vitanzi kama sweta, kwa hiyo huvutika kila upande, na mguu wa cherehani unapoikandamiza huisukuma mbele huku shati likibaki nyuma. Gauni la kuteleza nalo halirudi, yaani halipungui, linapofuliwa, ilhali pamba hurudi. Ukivishona pamoja vitambaa vitatu vya namna hiyo, maji ndiyo yatakayokuonyesha kwamba havikuwa na makubaliano.

Chunguza pia namna ulivyokata. Kipande kilichokatwa hanamu, yaani mshazari wa nyuzi, hata kama mraba wake umenyooka, huvutika pembeni kama lastiki. Kabla ya kukata, chomoa uzi mmoja mwanzoni mwa kitambaa ili uone unakoelekea, kisha kata ukiufuata. Unapofika kwenye pindo la kuzungushia blanketi, pima urefu katikati ya blanketi na si ukingoni, kwa sababu ukingo umekwisha kuvutika, na pindo lililokatwa kwa kipimo cha ukingo ndilo linaloyafanya mawimbi yasiondoke.

Kuhusu rangi, watu wengi hawatarajii jibu hili: faida kubwa ya nguo kuukuu ni kwamba imekwisha kurudi na kuchuja katika miaka iliyofuliwa, kwa hiyo adui yako alikuwa ile kanga mpya. Kitambaa kipya kifue peke yake mara mbili au tatu, kisha kilaze kikiwa kibichi juu ya kitambaa cheupe na upige pasi. Kikiacha alama, kirudi kwenye beseni. Na tafadhali usihangaike na chumvi wala siki. Rangi iliyotiwa kiwandani haishikizwi na vitu vya jikoni, ingawa hata mimi niliambiwa hivyo nilipokuwa najifunza kazi.

Sufi ni ya mito. Katika blanketi tumia blanketi jembamba kuukuu au shuka nzito kama kijazo, kipande kimoja kizima kisicho na mahali pa kuhamia. Tandaza mgongo sakafuni ukiwa umenyooshwa, juu yake kijazo, juu yake uso wa viraka, kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kwa mkono kuanzia katikati kwenda nje kabla ya kugusa cherehani.

Kuhusu sindano, nadhani unatumia namba 14, ambayo ni ya nguo za kawaida. Kwa jinzi weka namba 16, na makutano ya mishono yagongwe kwanza kwa nyundo juu ya jiwe au ubao mpaka yalegee. Ukifika hapo ondoa miguu kwenye kanyagio na uzungushe gurudumu kwa mkono. Cherehani inaruka mishono kwa sababu mguu wake umeinama kama mtu anayepanda kilima. Kunja kipande cha jinzi mara mbili au tatu, kiingize chini ya mguu kwa nyuma, nao utakaa sawa. Na ile misumari midogo ya shaba kwenye mifuko, usijaribu kuishona kabisa.

Muuza Jinzi (Ujiji)

Dada, naongeza jambo moja tu la upande wetu wa sokoni. Usichague jinzi zinazovutika, zile za kubana za kike, kwa ajili ya samaki wako. Vuta kitambaa kwa upana kwa mikono miwili; kikirudi kama raba, kiache. Zile nzito za kiume zilizotoboka magotini ndizo bora kwako, kwa kuwa paja la nyuma huwa bado zima, na sisi hatuna wa kumuuzia. Na kwa heshima zote, mgebuka hana magamba makubwa namna hiyo. Samaki uliyemweleza ni sato aliyevaa tai.

Bibi wa Gungu (Kigoma)

Mwanangu Mshonaji, nimesoma yote na nimekubaliana na fundi kwa sehemu kubwa, isipokuwa katika mambo mawili.

Kwanza, habari ya kanga. Tulivyosimuliwa, kanga yenyewe ilizaliwa kwa kuunganishwa: wanawake wa pwani, katika karne ya 19, walinunua leso za mraba zikiwa bado hazijakatanishwa, wakazikata tatu tatu na kuzishona pamoja kuwa nguo moja ya leso sita. Sasa anayesema viraka vya kanga ni kukosa adabu, anasahau kwamba mwanzo wake ni viraka. Palipo na adabu ni kwenye jina, yale maneno. Usiyakate katikati yakabaki nusu, kwa sababu neno lililokatwa linaweza kusema jambo ambalo aliyeitoa kanga hakulisema. Mimi niliwahi kushona mto, nikakata jina bila kuangalia, na lililobaki juu ya mto likawa tusi; mgeni wangu alikaa karibu nalo tangu mchana mpaka jioni bila kuniambia. Kata jina zima kama utepe na ulishone pembeni mwa blanketi. Ule mji wa katikati uache mzima uwe moyo wa blanketi, na pindo ligawe vipande upendavyo.

Pili, fulana. Fundi anakuambia uziache, nami sizitupi. Zikate utepe wa inchi moja, kisha vuta kila utepe kwa nguvu. Utaona kingo zake zinajikunja zenyewe na utepe kuwa kama kamba ya mviringo, bila kuhitaji pindo wala uzi. Kamba hizo suka tatu tatu upate mkanda wa mkoba, kibana nywele au kamba ya kofia yako ya sungura. Mabaki yatakayokuwa mafupi mno yaingize tumboni mwa wanasesere badala ya sufi.

Kama kushona matabaka matatu kwa cherehani kunakushinda, usishone, funga. Pitisha uzi mnene katikati ya kila kiraka, utoke nyuma na urudi mbele, upige fundo mara mbili na kuacha mkia mfupi. Viraka vyako ni vya inchi 6, kwa hiyo fundo moja katikati na moja kwenye kila makutano yanatosha, na kijazo hakiendi popote.

Fundi wa Isevya (Tabora)

Shikamoo, Bibi. Kwenye jina nimekubali kabisa. Kuhusu fulana sikusema zitupwe, nilisema zisichanganywe na mashati katika blanketi. Anayelazimika kuzichanganya azibandike kwanza kwa pasi ile gamu ya kola, yaani kitambaa kigumu chenye gundi, kwa nyuma, au azishikize juu ya kipande cha shati kilichokatwa sawasawa nazo, ndipo ashone viwili kama kimoja.

Bibi wa Gungu (Kigoma)

Marahaba, fundi. Hapo sina ugomvi nawe.

Mwalimu wa Kasulu

Sishoni, lakini nimevutiwa na habari hii. Huko Gee's Bend, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake Weusi wa kijijini walishona mablanketi ya viraka kwa nguo za kazi za shambani ili familia zipate joto. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalioneshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, na mwaka 2006 baadhi yake yaliwekwa kwenye stempu za posta za nchi hiyo. Ninachotaka dada akione ni kwamba katika baadhi yake, mahali palipobanduliwa mfuko wa suruali pamebaki na rangi iliyokolea katikati ya kitambaa kilichopauka, nao hawakupaficha. Badala ya kukwepa alama hizo kwenye jinzi zako, unaweza kuzipanga.

Neno jingine ni kuhusu macho ya vifungo. Kwa mtoto wa shule havina tatizo, ila mwanasesere au blanketi la mtoto wa chini ya miaka mitatu, macho yadariziwe kwa uzi, kwa sababu kifungo kikichomoka huishia mdomoni na kinaweza kumkaba.

Mshonaji wa Mwanga (Kigoma)

Shikamoo Bibi, na nyote nawashukuru sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nijaribu kwanza.

Sindano namba 16 niliipata kwa muuzaji wa uzi jirani na soko, na tangu nigonge mishono kwa nyundo nimeshona migebuka saba bila kuvunja hata moja. Muuza Jinzi, magamba nimeyaondoa; sasa ubavuni nashona utepe mmoja wa kitambaa cha bitana kinachong'aa, na mwanangu mkubwa amesema sasa ndiye, ila amehuzunika kwa ajili ya sato.

Blanketi nimelifumua lote, kazi ya jioni nne. Kati ya vipande 63, vya mashati na magauni ya pamba vilivyo sawa ni 38. Fulana zimekwenda kwenye kamba kama alivyosema Bibi, na gauni la kuteleza limekuwa bitana za vibeti. Kanga nimeifua mara tatu. Mara ya tatu maji yalitoka meupe, na kitambaa cheupe chini ya pasi hakikushika kitu. Imebaki na mji mzima, pamoja na jina ambalo kwa bahati sikuligusa.

Swali moja limebaki, Fundi. Vile vipande vilivyogeuka waridi, je, kuna namna ya kuvirudisha?

Fundi wa Isevya (Tabora)

Kwa kuwa vilikwisha kukauka na rangi hiyo, vingi havitarudi vyeupe. Viloweke usiku mmoja kwenye maji mengi ya sabuni, uvisuuze, na vitakavyobaki na waridi vipange vyote kuzunguka ule mji wa kanga nyekundu, kuanzia vilivyokolea vikielekea vilivyofifia. Atakayeliona atadhani ulivinunua hivyo.