Siti skani (CT) ya mishipa kabla ya oparesheni ya uvimbe wa mfupa, mtoto atatiwa mpira kinenani?

MamaShella_Mld: Asalam aleikum jamani. Mtoto wa dadangu ana miaka 15, ana osteosakoma, saratani ya mfupa, chini ya fupa la paja karibu na goti, kemo anafanyiwa Mombasa. Sasa daktari wa mifupa asema kabla hajapasua ataka kuona mishipa ya damu, ametuandikia siti skani ya mishipa. Jirani hapa Malindi kamwambia dadangu ni lazima mtoto atiwe mpira kinenani upitishwe ndani ya mshipa, na toka jana chakula hakimpiti. Ni kweli?

radiografa_pwani: Waleikum salam, mtulize dadako. Hiyo ya mpira ipo, lakini siti ya mishipa ni sindano ya mkononi tu, dawa ya ayodini ya kung'arisha mishipa pichani yasukumwa na mashine na picha zenyewe ni sekunde chache. Atasikia joto mwili mzima mpaka adhani amejikojolea, mwambieni mapema maana akishtuka akitikisika picha yaharibika. Nyuma ya goti kuna ateri kubwa ndiyo inayolisha mguu wote wa chini, uvimbe ukiwa umeisukuma kando tu daktari aweza kuibandua polepole akatoa mfupa mguu ukabaki, ukiwa umeizingira basi huenda kipande cha mshipa kitolewe kiungwe kingine, ama mguu ukatwe, na hilo ni bora lijulikane kabla ya kisu. Muhimu sana: apimwe figo kwanza, kemo za ugonjwa huu kama sisplatini zaumiza figo na hiyo ayodini pia huenda ikaongeza. Na mseme kama ana pumu au aliwahi kudhurika na dawa hiyo ya ayodini.

Bin_Takaungu: Pole dada. Na emarai (MRI, mashine ya picha ya sumaku) je, si yaonyesha mishipa pia? Haina mionzi.

radiografa_pwani: Yaonyesha, tena kwa uboho na misuli ndiyo bora, ila yachukua muda mrefu na mtoto mwenye maumivu hatulii. Siti yampa daktari mfupa na mshipa pamoja, aigeuze picha kila upande. Mpira wahitajika zaidi uvimbe ukiwa umejaa mishipa ya damu, kama saratani ya figo iliyohamia mfupani, waizibe mishipa kabla ya kupasua.

MamaShella_Mld: Allah akulipe kheri, namsomea dadangu sasa hivi. Emarai alishafanya, tubebe ripoti?

radiografa_pwani: Ripoti na sidii yenyewe, daktari ataka kuziona picha kwa macho yake.